Mabaki Ndani ya Seva ya Tatu

Jua lilikuwa linazama Kilindoni Leonia aliporudi ofisini kuunganisha seva ya tatu. Kazi ndogo, bosi alisema. Macho yalimwasha, jana hakulala, akiilinda seva ya kwanza isizimike. Humo mlikuwa na majalada ya wagonjwa wote wa kituo cha afya. Ya pili ilijaa vibali vya wageni wa hifadhi ya bahari, haikuwa na nafasi. Ya kwanza ikifa kabla ya kupata wa kuipokea mzigo, majalada yangekwenda nayo.

Ya tatu ilikuwa kuukuu, aliitoa stoo. Akaiunganisha na zile mbili.

Maandalizi yameshindikana, kioo kikaandika.

Akakagua saa ya mashine. Sawa. Jina. Sawa. Waya... sawa. Akajaribu tena.

Yameshindikana.

Ndipo aliponusa udi. Madirisha yamefungwa, kiyoyozi kinavuma... na udi.

"Hodi." Bimkubwa, mfagizi wa ofisi, alisimama mlangoni na ndoo.

"Karibu. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyie watu wa bara mna vituko. Vyuma mnavilaza penye baridi, sisi tunalala na jasho!" Akacheka. Kisha akaiona seva ya tatu, kicheko kikakatika. "Nani kaitoa hiyo?"

"Mimi."

Bimkubwa akatua ndoo, akanong'ona. Mwaka jana binti yake, Mize, alipandwa na shetani, akawa hali wala hasemi. Mganga akamtoa. Na shetani akitolewa sharti apewe pa kukaa. Wengine hutiwa chupani, wengine chunguni. Huyu alikataa vyote, akataka chuma kilichokufa.

"Nikampa hicho. Leo Mize yuko wodini pale kituo cha afya, ana uchungu wa uzazi. Irudishe, mwanangu. Nakuomba."

Leonia alitaka kubisha, akakosa nguvu. Akausoma ujumbe wa kosa hadi mstari wa mwisho: mashine hii bado ina mwenyewe.

Hilo alilijua. Seva isipotolewa vizuri katika kundi la zamani hubaki na mabaki, na mabaki hufutwa kwa amri moja.

"Ni mabaki tu, mama."

"Mabaki ya nani?"

Feni ya seva ya kwanza ikakoroma, ikasita. Leonia akaandika amri. Akabonyeza.

Maandalizi yamekamilika.

Harufu ya udi ikakatika papo hapo. Majalada yakaanza kuhamia seva ya tatu, yenyewe, hadi la mwisho. Seva ya kwanza ikazimika kimya. Leonia akashusha pumzi.

Simu ya Bimkubwa ikaita. Akasikiliza. Akamnyooshea Leonia simu.

"Ni Mize. Anakutaka wewe."

Leonia na Mize hawakuwahi kuonana.

"Haloo?"

Pumzi... Kisha sauti ya kike, nzito, tulivu.

"Ahsante, dada. Mule mlinibana. Sasa nina njia hadi kwa kila mwenye jalada."

Nyuma ya sauti hiyo, wodi nzima ilikuwa ikipiga mayowe.

"Chomoa!" Bimkubwa alimshika bega. "Chomoa, mwanangu!"

Leonia akaishika plagi ya seva ya tatu. Majalada yote yalikuwa humo, hayakuwa kwingine popote. Damu ya nani ni ya kundi gani, nani hapatani na dawa gani. Akashindwa kuvuta.

Simuni mtoto mchanga akalia mara moja, akanyamaza.

Halafu akamwita Leonia kwa jina.