Jedwali Lisilosahau

Mama Kalamu alikuwa karani wa mapokezi katika zahanati. Walimpa jina hilo kwa sababu kalamu haikumtoka sikioni, ingawa kazi yote siku hizi ilikuwa ya kompyuta. Kila asubuhi aliiwasha yeye, kwa jina lake, na wenzake wakachapa humo humo hadi jioni.

Jumatatu alirudi nyumbani midomo imemkauka.

"Mzio wa penisilini wa mtoto mmoja umefutika kwenye kompyuta," alimwambia wifi yake, fundi wa kompyuta. "Bahati mama yake alipiga kelele, nesi keshashika sindano! Mganga mkuu anasema ni mimi. Ijumaa ananihamishia stoo."

"Uliufuta?"

"Wifi na wewe! Niliuandika kwa vidole vyangu hivi!"

Kesho yake wifi alikwenda zahanati kutafuta njia ya kujua nani anabadilisha taarifa.

"Tuandike tu jina la aliyebadilisha mwisho," alisema mganga mkuu.

"Utamwona huyo wa mwisho tu. Waliotangulia hutawajua, wala kilichofutwa hukioni tena."

"Basi programu ya mapokezi iandike kila badiliko."

"Na anayepita mlango mwingine? Taarifa zenu zimo kwenye hifadhidata, yaani majedwali yanayotumiwa na wote. Ni mashine zipi zinayafikia?"

"Ya mapokezi, ya dawa," Mama Kalamu alihesabu, "na ya maabara."

"Haya. Mlinzi, yaani programu ndogo, tumweke ndani ya hifadhidata yenyewe. Taarifa ikiguswa, kwa njia yoyote, anaandika kwenye jedwali la historia: nani, saa ngapi, ilikuwaje, imekuwaje."

"Haitachelewesha kazi?"

"Kidogo. Ndiyo maana tutalinda mizio na dawa tu kwanza. Na kila mtu aingie kwa jina lake. Mchezo wa kuchapa kwa jina la wifi yangu uishe leo!"

Wenzake Mama Kalamu waliokuwa pale wakainamisha vichwa. Mama Kalamu alitazama vidole vya wifi vikikimbia juu ya vitufe. Looh! Huyu ndiye anayeunguza hata chai? Moyo ulimjaa fahari.

Alhamisi mchana, mzio wa mgonjwa mwingine ukatoweka. Wote walijazana mapokezi. Wifi akafungua jedwali la historia. Mama Kalamu alishindwa kutazama.

"Soma mwenyewe," wifi alimwambia.

Akasoma kwa sauti: "Mashine ya maabara. Saa tisa na dakika tano. Ilikuwa: penisilini. Imekuwa: tupu."

Kumbe mashine ya maabara ilipotuma majibu, ilituma fomu nzima, na nafasi zake tupu zikafuta zilizojaa, bila shaka kama ilivyokuwa Jumatatu. Haikupita kwenye programu ya mapokezi hata kidogo. Wifi aliirekebisha siku ile ile, na mzio ukarudishwa kama historia ilivyoutunza.

Ijumaa mganga mkuu alimwita Mama Kalamu mbele ya wote.

"Nilikuonea. Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe, mganga." Akavuta kiti chake cha mapokezi, akakaa. "Ila ule mzio wa mtoto wa Jumatatu haumo kwenye historia; uandike wewe. Kwa jina lako."

Mganga mkuu akaingia kwa jina lake, akauandika.