Ngozi ya Nyumbani

Haya yalimpata mama mdogo wangu. Alinisimulia mwenyewe huku akimenya viazi, na hakuinua macho hata mara moja.

Kazi yake ni kuvalisha vyombo vya umeme vya matajiri. Usicheke, kazi hiyo ipo. Simu zivikwe ngozi ya mamba, rimoti zitiwe lulu, spika zizungushiwe hariri. Chumba anashirikiana na sonara, mzee mcheshi anayepaka dhahabu, ambaye husema, "Mali ikizidi, hata pasi hutobolewa masikio."

Asubuhi moja manyunyu yalikuwa yamekatika, chai bado ina moto, akaingia bwana mmoja nadhifu, mpole wa sauti. Akaweka hedifoni mezani. Sonara akapiga mluzi. Dhahabu tupu, almasi zimezizunguka kila upande. Zilikosa tu ile mito laini inayogusa masikio. Bwana yule akafunua leso, akatoa kipande cha ngozi.

"Ya mbuzi?" mama mdogo akauliza.

"Ya nyumbani," akajibu, akatabasamu. "Nitapitia jioni."

Ngozi ile ilikuwa laini kuliko zote alizowahi kushika. Akaikata, akaitandaza, akaishikilia kwa kidole gumba na kuipangusa kwa kitambaa cha maji baridi ili ivutike vizuri.

Ngozi ikasisimka.

Vipele vidogo vidogo vilitambaa juu yake yote, kama mkono wa mtu aliyepigwa na upepo. Kisha vikalala.

Akajiambia ni maji tu. Akashona. Alipomaliza mito yote miwili akazivaa hedifoni kujaribu kama zinakaa sawa. Hazikuwa zimeunganishwa na chochote. Akasikia kimya. Halafu pumzi. Halafu mwanamke, kwa kunong'ona:

"Taratibu. Hapo panauma."

Mama mdogo alizivua kwa mikono miwili. Akampa sonara, akamwashiria azivae. Mzee akazivaa, akasikiliza, na ule ucheshi wote ukamtoka usoni.

"Anasemaje?" mama mdogo akauliza.

"Anaomba umfumue." Mzee akazitua mezani polepole. "Binti yangu, mrudishie mwenyewe mzigo wake. Tusijitie kwenye ya watu."

"Huyu ni mtu, mzee wangu. Nimrudishe huko tena?"

Akachukua wembe. Akakata uzi mmoja. Ndani ya hedifoni mtu akavuta pumzi. Akakata mwingine. Pumzi. Mwingine. Jasho likamwingia machoni, hakuacha. Uzi wa mwisho ulipokatika, pumzi ilitoka ndefu, ndefu mno.

Haikurudi.

Wakakusanya vipande vyote, hata vile vilivyobaki wakati wa kukata, wakavifunga katika kitambaa safi. Sonara mwenyewe alichimba nyuma ya karakana. Wakamsitiri bila kujua ni nani.

Jua lilipoinama, bwana akaja. Akazitazama hedifoni zake, tupu kama alivyozileta. Hakukasirika. Aliinama mpaka mama mdogo akanusa manukato yake.

"Alikutajia jina lake?"

"Hapana."

"Bahati yako."

Akazivaa vilevile, dhahabu kwenye masikio, akatoka. Kutoka mlangoni walimwona akienda zake barabarani, akitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeitikia.

Mama mdogo alifika nyumbani akataka kumpigia mama yangu. Akaweka kidole gumba kwenye simu isome alama yake ifunguke. Ikakataa. Akakipangusa kwenye nguo. Ikakataa. Akasogea dirishani, akakitazama kidole vizuri. Hakikuwa na mstari hata mmoja. Laini kama kigae.

Siku aliyonisimulia haya, alitua kisu akanyoosha kidole nikione. Mistari imerudi sasa, imejipanga vizuri, imekamilika.

Simu bado inamkataa.