Pagazi wa Saa Sita

Siku ile wageni walikuwa saba, na mzigo ukatuliwa mara nane.

Zabibu hakugundua mapema. Tangu mumewe Fauzi afariki, miezi saba nyuma, alikuwa akifanya kazi kama mtu anavyopiga mswaki. Alikuwa mtembeza wageni mjini Tabora. Asubuhi anawapokea stesheni, lile jengo la Wajerumani ambalo siku hizi watu hulipiga picha zaidi kuliko wanavyopandia treni pale. Anawapitisha bomani, anawaingiza mitaa ya kale yenye milango ya nakshi, ambako nusu ya nyumba zimeshaanguka na nusu iliyobaki inangoja masika moja ya nguvu. Kisha bajaji zinaelekea Kwihara. Huko wengi wanataka kuona tembe la yule mmisionari wa Kiskoti. Zabibu huwaacha wasome maandishi ya ukutani, halafu anawavusha shamba la karanga hadi tembe la pili, ambalo halimo kwenye vitabu. Hilo ni la ukoo wake. Lilijengwa na babu wa babu yake aliyetoka Omani, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na, tusidanganyane, wa watu pia.

Fauzi ndiye aliyeibuni safari hii yote. Alipenda kuwaambia wageni kwamba Tabora ni bandari iliyosahauliwa bahari. Ina misikiti ya kale, ina majumba ya matajiri waliofilisika, ina vyakula vya mataifa, ina umbeya wa kutosha miji mitatu. Imekosa maji ya chumvi tu. Wageni walicheka kila mara. Baada ya mazishi Zabibu aliendelea kuusema mzaha huo, neno kwa neno, na wageni waliendelea kucheka.

Na Fauzi ndiye aliyebuni mchezo wa mzigo. Katika ua wa tembe kulikuwa na furushi la turubai lililojazwa mchanga, kilo thelathini na mbili, uzito ambao Mnyamwezi mmoja aliubeba begani kutoka hapa hadi pwani, miezi mitatu kwa miguu. Mgeni hutwishwa, anazunguka ua mara moja, anaingia chumba cha giza walimokuwa wakilundika pembe. Kanuni ilikuwa moja: aliyebeba hatui mwenyewe. Anasema, "Nitue," na mwenzake anapokea. Akina mama wakitoka kisimani hufanya hivyo hivyo hadi leo, na mtoto wa Tabora hufundishwa kunyoosha mikono akiona mtu ameelemewa kabla hajafundishwa kusoma.

Wageni wa siku ile walikuwa walimu wastaafu kutoka Bukene. Walicheka sana, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wa mwisho, saa sita ya mchana, alikuwa Mwalimu Xavery, mwenye tumbo la heshima.

"Nitue, mwanangu," alihema chumbani, "kabla hamjanizika humu humu!"

Zabibu akampokea, akalitua furushi ukutani, na mwalimu akatoka nje kuwafuata wenzake. Zabibu akainama kuokota chupa yake ya maji. Nyuma yake sauti ya chini, ya adabu, ikasema, "Nitue."

Aligeuka mikono imeshanyooka. Alifanya hivyo mara mia kwa mwezi, hakuhitaji macho. Uzito ukaingia mikononi, mkubwa kuliko furushi, tena wenye joto kama mwili wa mtu mwenye homa. Halafu haukuwepo. Mikono yake ilikuwa mitupu na furushi lilikuwa pale pale ukutani.

Kutoka barazani Mwalimu Xavery aliita, "Na huyo mzee mwenye shuka atoke, tupige picha wote!"

"Mzee yupi, mwalimu? Mmetoka wote."

Mwalimu akawahesabu wenzake kwa kidole. Akavaa kofia yake, na safari nzima ya kurudi mjini hakutania mtu tena.

Nyumbani, Zabibu aliishi na mdogo wake Lina. Mume wa Lina alikuwa mgodini Geita, na Lina mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi minane, yake ya kwanza. Alikuwa amekuja kujifungulia kwa dada yake, na pia kumlinda asiizoee mno nyumba tupu. Alikuwa mcheshi, mwoga wa mijusi, na kila mtoto alipopiga teke alimwita dada yake aje kushika.

Jioni ile Zabibu aliipua sufuria ya wali kwa kiganja kitupu.

"Dada! Mkono wako!"

Harufu ya ngozi kuungua ikajaa jikoni. Zabibu aliishusha sufuria taratibu, akakitazama kiganja kikigeuka cheupe.

"Sisikii kitu," alisema, kwa sauti ya mtu anayesema nyanya zimekwisha.

Siku ya pili ganzi ilifika kwenye kiwiko. Ya tatu, begani. Na pamoja na ganzi ukaja utulivu. Nguo za Fauzi zilizoning'inia nyuma ya mlango sasa zilikuwa nguo tu. Zabibu aliweza kulitaja jina lake na kuendelea kuchambua mchele. Tuseme ukweli: alipenda. Aliyekuwa anaungua halaumu maji, hata yakiwa ya mtaroni.

Siku ya nne, baada ya adhana ya adhuhuri, jua likiwa utosini na mtaa mzima umejifungia ndani, nyayo zikaanza kuzunguka nyumba. Zilikuwa nyayo za mtu asiye na viatu, nzito, anayekanyaga kama aliyebeba kitu asichotaka kukiangusha. Dirishani ikaingia harufu ya jasho kuukuu na ngozi mbichi, na nyingine kama ya kwato inayoungua.

Lina alimsogelea dada yake mkekani. "Dada," alinong'ona, "kuna mtu anazunguka nyumba."

"Ni mimi," Zabibu akajibu.

Walitazamana. Zabibu alikuwa ameketi, miguu ameikunja, sinia la mchele mapajani. Hakujua kwa nini alijibu vile. Nje, nyayo zikapita dirisha na kuendelea na safari yake.

"Usinifanyie hivyo," Lina alisema. "Mimi nina mtu tumboni."

Siku ya tano ndipo Zabibu alipoogopa kweli, na huo ulikuwa woga wake wa kwanza tangu mazishi. Baada ya chakula cha mchana Lina alijilaza mkekani akasinzia, mkono mmoja juu ya tumbo, na Zabibu alikuwa uani akianua nguo, hilo alilikumbuka vizuri, kamba ilikuwa mkononi na kanga ilikuwa bado mbichi, lakini jambo lililofuata ni kwamba alikuwa amesimama ndani, juu ya mdogo wake, mgongo umeinama, nyayo zake zimejaa vumbi jekundu lisilo la uani kwao, harufu ile ya kwato ikitoka kwenye nguo zake mwenyewe, na mdomo wake ulikuwa wazi na neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, "Ni...", na Lina, macho yamefumba, kwa ile heshima ya usingizini ya mtoto aliyelelewa vizuri, alikuwa ameanza kuinua mikono kupokea.

Zabibu aliuma ulimi. Damu ilijaa mdomoni na hakusikia maumivu yoyote. Alitoka mbio mpaka barabarani.

Maalim Shomari aliishi Isevya, fundi wa reli aliyestaafu, mtu wa kombe la dawa na kisomo cha Yasini ambaye hakupenda kuitwa mganga. Alimsikiliza Zabibu hadi mwisho. Akachukua sindano ya kushonea, akamchoma begani, na Zabibu akaendelea kumtazama usoni.

"Wamekwambia umepagawa?" aliuliza Maalim.

"Bado. Lakini watasema."

"Na watakuwa wamesema kweli bila kujua. Watu wanafikiri kupagawa ni jini kukupanda kichwani. Neno lenyewe, mwanangu, ni la njia hii ya misafara. Kupagaa ni kubeba. Mwenye kubeba ni pagazi. Huyo wako alikufa na mzigo begani, na haukuwa wake, ulikuwa wa tajiri. Hakuna aliyemtua. Wewe umeweka mikono, na sasa pagazi ni wewe."

"Babu yangu ndiye..."

"Sikuuliza ni tajiri gani."

Zabibu akainamisha kichwa. "Nitamtoaje?"

"Mrudishe chumba kile kile, saa ile ile. Utue mwenyewe, mpaka chini, bila kupokelewa. Na neno lile usilitamke. Ukilitamka, atakayelisikia ataitikia, na wewe utakuwa mwepesi na yeye ndiye atakayezunguka nyumba."

"Ndani ya nyumba niko na mdogo wangu tu, Maalim."

"Ndiyo maana nakwambia." Akafunga kisanduku chake cha sindano. "Lipo jambo jingine. Mtu hawezi kutua asichokisikia. Mzigo uko begani kwako na wewe hupo. Lazima kwanza uusikie. Mumeo ulimlilia lini?"

Zabibu alifikiri. "Wageni walikuwa wengi msimu ule," alisema.

Kesho yake walikwenda Kwihara kwa bajaji. Lina alikataa katakata kubaki peke yake na nyayo zile, kwa hiyo walimwacha ndani ya bajaji, ng'ambo ya shamba la karanga, na Maalim akamkanya asishuke hata akiitwa jina. Maalim mwenyewe aliketi barazani, mgongo ameupa mlango, akaanza kusoma.

Chumbani mlikuwa na giza na baridi, kama kawaida ya kuta nene. Zabibu alisimama katikati na kumwita mumewe moyoni. Hakuja mtu. Aliwaza sura yake, ikaja kama picha ya kitambulisho. Aliwaza kaburi, akaona udongo tu. Nje kisomo kiliendelea. Akaanza kuamini kwamba hatalia, na wazo hilo halikumsumbua, na ndilo lililomtisha.

Ndipo akaiwaza simu. Siku Fauzi alipoanguka stesheni, alimpigia mkewe mara tatu, na mara zote tatu Zabibu aliiona simu ikiwaka na kuigeuza kifudifudi, kwa sababu alikuwa mbele ya wageni ishirini akiwasimulia bandari iliyosahauliwa bahari, na walikuwa wanakaribia kucheka, na hakutaka kuharibu kicheko cha mume wake kwa sababu ya mume wake, na Zabibu alipompigia, baada ya makofi na picha, alipokea mtu mwingine, mwanamume mwenye sauti ya upole mno, na tangu dakika ile alikuwa ameibeba simu ile, mahali fulani chini ya shingo, wala hakumwambia mtu hata Lina, na sasa ilikuwa imeanza kuwa nzito, ikishuka kutoka shingoni hadi begani, ikipata joto, ikipata ngozi na kamba na ncha ya pembe iliyopinda iliyomkwaruza shavu, mpaka mfupa wa bega ukalia na magoti yakaachia, na kutoka ndani ya Zabibu kikatoka kilio ambacho yeye mwenyewe hakukijua, kikubwa, cha wazi, cha mtu anayelia miezi saba kwa mara moja.

Alikuwa anashuka. Maalim alipaza kisomo. Aliusikia uzito wote, kila kilo, pamoja na pumzi ya mtu aliyechoka karibu na sikio lake, na alikuwa ameuma meno ili lile neno lisitoke. Halikutoka. Magoti yake yalifika sakafuni. Mzigo ulibaki shibiri moja kugusa udongo.

Lina hakuitwa na mtu. Alichosikia ng'ambo ya shamba ni dada yake akilia, kilio alichokingoja miezi saba, na alishuka kwenye bajaji akakimbia na tumbo lake juu ya matuta ya karanga, kandambili zikabaki njiani, akapenya nyuma palipobomoka ukuta. Akamwona dada yake amepiga magoti, ameelemewa, anatetemeka. Nani angesubiri aombwe?

"Lete, dada," alisema, na akanyoosha mikono yote miwili.

"Lina, hapana!"

Zabibu alijikuta mwepesi, na katika wepesi ule kila kitu kikarudi kwa pamoja: kiganja kilichoungua, ulimi uliotoboka, tundu la sindano begani, na Fauzi, Fauzi mzima, na kicheko chake. Alijikunyata sakafuni akalia kwa maumivu. Barazani Maalim alifunga kitabu na kusema, "Alhamdulillahi," kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi.

Zabibu alimshika mdogo wake mikono, akamtoa nje kwenye jua. Lina alimfuata bila ubishi. Mwiba wa mgunga ulikuwa umezama katika unyayo wake hadi nusu, damu ikichora vumbi kila hatua, na hakuchechemea. Uso wake ulikuwa umetulia. Alisimama katikati ya ua, akaweka kiganja tumboni, akakihamishia upande wa pili, akabonyeza.

"Dada," alisema taratibu, "saa hizi huyu huwa ananipiga mateke."

Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi.

"Simsikii."