Sauti Isiyouliza Nani

Kompyuta ilisema "Karibu," na hakuna mtu aliyekuwa amepiga hodi.

Mchana kweupe, jamani. Nabwire alikuwa jikoni anakaanga vitunguu, watoto wa ploti wanapigania mpira huko chini, jua la Kayole linachoma mabati. Akageuka kuutazama mlango. Komeo lilikuwa palepale. Baba yake, Mzee Oketch, alikuwa kwenye kiti chake, uso ameuelekeza mlangoni, anatabasamu.

"Nani amekuja, Baba?"

"Sijui. Nimesikia tu mama yako akikaribisha."

"Basi ni hii mashine imesikia vibaya. Nitairekebisha."

Mashine ndiyo punda wetu siku hizi, kila mzigo tunaitwika. Nabwire akarudi kwa vitunguu vyake, ambavyo vilikuwa vimeanza kuungua.

Huyu Nabwire, kwa asiyemjua, kazi yake ni kufungua vilivyofungwa. Ana kibanda karibu na Spine Road. Ukimpelekea laptopu iliyochoka, ile unayoiwasha ukaenda kuoga ukarudi bado haijaamka, anaifuta yote, anaitia programu huria, zile za bure ambazo yeyote anaruhusiwa kuzipekua na kuzigeuza, kisha anakukatia na kukushonea kwa kipimo chako. Unataka herufi kubwa kwa sababu macho yamechoka? Utapata. Unataka simu iache kukutangazia vitu ambavyo hukuuliza? Itanyamaza. "Mashine usiyoweza kuifungua si yako," huwaambia wateja, mikono kiunoni. "Umeazimwa tu."

Mama yake, Asenath, alifariki mwaka jana kwa presha. Mzee Oketch, mstaafu wa reli, macho yake yalikuwa yameshazimika zamani, kwa hiyo kwake mkewe alikuwa sauti. Na sauti ile ilikuwa na desturi moja: ukipiga hodi kwa Asenath, hujamaliza neno umeshakaribishwa. Wahubiri wa Jumamosi walikaribishwa. Wakora pia walikaribishwa, wakapewa na chai. Alipozikwa, hodi zikawa zinapigwa na nyumba imenyamaza, na mzee akaanza kurudisha sahani ya chakula kama ilivyokuja.

Nabwire alikuwa amebaki na ujumbe mmoja wa sauti ya mama, aliotumiwa siku alipotaniwa kwa kutoonekana nyumbani. "Nabwire, nimetoka soko na omena. Wewe siku hizi ni mgeni. Karibu basi, ingia, nyumba ni yako." Akachukua maneno ya mwisho, akaandika programu ndogo, akaiweka laptopu kwenye meza karibu na mlango isikilize. Ikisikia hodi, Asenath anajibu. Jioni ya kwanza Mzee Oketch alilia, kisha akaomba ugali. Nani angemlaumu binti?

Lakini sasa mashine ilikuwa imemkaribisha asiyeonekana, na kuanzia siku ile nyumba ikabadilika. Kukawa na harufu ya nywele zinazoungua, na Nabwire alisugua jiko lote asione kinachoungua. Pazia la chumbani likawa linajaa kama kuna mtu amesimama nyuma yake, hali dirisha limefungwa. Halafu Jumapili, wametoka kanisani, bado hata hajavua viatu, akasikia sauti ya mama yake ikiuliza kwa upole, "Oketch, macho yanauma?"

Katika ujumbe ule hakuna Oketch. Hakuna macho. Aliujua neno kwa neno, na programu aliiandika kwa mkono wake, hakuna mstari ambao hakuujua. Akaizima. Akaikata umeme, akachomoa betri, akaitupa juu ya kabati, na mashine yenyewe akaifunika kwa karai.

"Oketch," sauti ikasema, sasa kutoka ukutani, "mbona mtoto ananifunika?"

"Wewe si mama!" Nabwire alifoka. "Na hapa si kwako!"

"Niliambiwa niingie," sauti ikajibu bila haraka. "Niliambiwa nyumba ni yangu."

Mzee Oketch alikuwa anasikiliza, mdomo wazi, amejaa furaha. Hilo ndilo lililomtisha Nabwire kuliko yote. Alimwambia baba asiondoke kitini, akashuka ngazi mbio hadi ghorofa ya chini kwa Mama Kahin, mjane anayeuza vitambaa, aliyekuwa rafiki wa marehemu, akamweleza kwa kunong'ona, pumzi zimekatika.

Mama Kahin alisikiliza hadi katikati, akamshika mkono.

"Na baba umemwacha na nani?"

Wee! Walipanda wakikimbia, Mama Kahin ameinua dera lake kwa mikono miwili, wakakuta mlango wazi na kiti kitupu, wakaendelea kupanda, na kila ghorofa waliyopita sauti ya Asenath ilikuwa mbele yao, tamu, yenye subira, ikisema ngazi nyingine Oketch, inua mguu, hapo, sasa nyingine, na ile harufu ya nywele ikawa inashuka kuwalaki, na waliposukuma mlango wa bati wa kule juu kwenye paa wakakuta mashuka ya watu yameanikwa kamba baada ya kamba, yanapepea, na katikati ya mashuka mzee anatembea miguu mitupu, mikono ameinyoosha mbele kama anayesubiri kushikwa, kuelekea upande ambao mwenye ploti hakuwahi kumalizia ukuta.

Nabwire alimdaka kwa mshipi.

"Niache! Mama yako ananiita!"

"Baba, hapo mbele hakuna sakafu."

Mzee akanyoosha mguu, akapapasa, akakuta hewa. Aliketi palepale kwenye simiti. Upande wa pili wa shuka kitu kikacheka kwa kicheko cha Asenath.

"Mimi si mganga," Mama Kahin alinong'ona, macho hayaondoki kwenye shuka lile. "Lakini mgeni ni mgeni, awe wa udongo kama sisi, awe jini wa moto. Hawa wa moto hupita milangoni kila siku wanapiga hodi. Binadamu akisikia hodi asiyoielewa huuliza, nani? Hao hawana jina la kukutajia, wanaenda zao. Mashine yako haiulizi, mwanangu. Imekaribisha tu."

"Anatolewaje?"

"Aliyemkaribisha ndiye wa kumtoa."

"Aliyemkaribisha ni mama. Na mama yuko kaburini."

"Ndiyo maana naogopa. Hameni, Nabwire. Leo leo."

"Nihame?" Neno hilo lilimwasha. "Ati mimi nibebe baba yangu kipofu niende kupanga kwingine, hili li-kitu libaki kwa jiko la mama yangu? Haki ya Mungu sihami. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu amekaa wiki!"

Wakamrudisha mzee nyumbani. Mama Kahin akakaa naye, amemshika mikono yote miwili, anasoma dua chini kwa chini. Nabwire akarudisha betri, akaufungua ujumbe mzima kwenye programu ya kuhariri sauti, mawimbi yakatanda kwenye skrini. Akatafuta. Hakuna mahali Asenath alipomfukuza mtu. Maskini, hakujua kufukuza.

Akasikiliza tena kutoka mwanzo. *Nabwire, nimetoka soko.* Akarudisha nyuma. *Nimetoka.* Ukiliondoa "nime" hapo mbele, kinachobaki si habari tena. Ni amri.

Akaweka kishale penye wimbi, na palepale pumzi ya moto ikamgusa shingoni.

"Usinikate," sauti ya mama yake ikasema, karibu kabisa na sikio. "Nabwire, nimebaki humu tu. Ukinikata, nitakufa mara ya pili, na safari hii utakuwa umeniua wewe, mtoto niliyekubeba mgongoni nikiuza omena kwenye mvua, mtoto niliyemnyima ndugu yake yunifomu ili yeye apate kompyuta ya kujifunzia, na baba yako atakaa gizani bila mtu wa kumwita, na utamsikia akilia, na hutakuwa na cha kumpa."

Mkono ulisimama. Aliumia sana Nabwire, tusidanganyane. Machozi yalidondoka kwenye vitufe.

"Mimi sina ndugu," akasema. Akakata.

Akaongeza sauti ya spika hadi mwisho, akabonyeza.

"Toka," Asenath akasema.

Sufuria zikaanguka jikoni. Mzee Oketch akasimama. "Asenath ananifukuza," akasema kwa sauti ya mtoto, na akaanza kutembea. Mama Kahin akamkumbatia kiunoni akamng'ang'ania.

"Si wewe, Baba! Wewe uko kwako!" Nabwire alipiga kelele, akabonyeza tena.

"Toka."

Pazia likachanika juu hadi chini. Mara ya tatu komeo lilijifungua lenyewe, mlango ukabamizwa wazi kisha ukajifunga, na kelele za watoto wa chini zikarudi ghafla, na ndipo Nabwire akatambua kwamba zilikuwa zimepotea.

Harufu ilikuwa imekwisha.

Kisha nje, kwenye korido, sauti ya Asenath ikasema, "Hodi?"

Kompyuta ilinyamaza; ile programu ya kukaribisha Nabwire hakuwa ameiwasha tena.

"Hodi, Oketch. Ni mimi mke wako. Nimefukuzwa na mtoto."

Mzee Oketch akajitoa mikononi mwa Mama Kahin, akapapasa ukuta hadi mlangoni. Nabwire alimkimbilia, lakini mzee alikuwa ameshafika. Mzee aliweka paji la uso kwenye mbao.

"Asenath," akaita.

"Naam, Oketch wangu."

"Asenath wangu ana ufunguo wake. Miaka yote hiyo hakuwahi kupiga hodi hapa. Mtu hapigi hodi kwake." Akanyoosha mgongo, kama enzi zake za reli. "Wewe ni nani?"

Akagonga mbao kwa ngumi.

"Nimekuuliza! Nani?"

Hakuna aliyejibu. Mzee akalirudisha komeo kwa mkono wake mwenyewe, akalia hapohapo mlangoni, kwa sauti, bila aibu, kilio ambacho hakulia hata siku ya mazishi.

Ndipo kutoka ghorofa ya chini yao likasikika lile neno "Hodi" tena, kwa sauti ile ile ya Asenath, na mama mmoja aliyekuwa anapika akaitikia kwa uchangamfu, "Karibu!"

Nabwire akapangusa macho, akavaa ndala.

"Nifungulie, Baba," akasema. "Huyo aliyemkaribisha sasa yuko hai. Mdomo wa kusema toka anao mwenyewe."