Nilipigania Mshahara wa Mama

"Mwizi! Mtoto niliyemnyonyesha mwenyewe ni mwizi!"

Mama alipiga kelele mlangoni mwa duka la udobi, mtaa mzima ukageuka. Mkono mmoja umenikaba kola, mwingine unavuta aproni niliyovaa... mpaka kamba ikakatika!

Sikuiba pesa, jamani. Sikuiba mume wa mtu.

Nisomeni kwanza, ndipo mnihukumu.

Nilimaliza chuo mwaka jana, nilisomea uchumi. Kazi sikupata, ila moyo ulikuwa umejaa hamu ya kutetea haki. Kila jioni nilimwona mama akirudi ameshika kiuno, ametoka kukunja mashuka ya hoteli kwenye udobi wa shangazi, dada yake marehemu baba. Wifi anamtumikia wifi! Na mshahara ni ule ule wa tangu mimi niko shule ya msingi.

Wakunjaji walikuwa sita, wawili wawili. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Huyu anashika ncha hizi, mwenzake zile, wanavuta, wanakutana katikati. Mwenzake mama aliitwa Bi Mluzi, maana akipiga mluzi ndipo mnasogea. Walikutana hivyo mpaka wakaota mvi.

Serikali ikapandisha kima cha chini cha mshahara. Shangazi akajifanya kiziwi.

Nikawakusanya akina mama nyuma ya kamba za kuanikia.

"Ni haki yenu! Mkinyamaza mnajidhulumu!"

Mama akaninong'oneza, "Wifi yangu namjua mimi. Akitoa huku, anachukua kule."

"Mama, nafanya hivi kwa ajili yetu. Sheria iko upande wetu."

"Sheria haikunji mashuka."

Sikumsikia. Tukaingia kwa shangazi, mimi mbele.

"Eeh, wifi! Kumbe umenizalia mwanasheria?"

"Shangazi, hatukuja kugombana..."

"Nyamaza wewe. Nitalipa kiwango kipya, sipunguzi hata senti. Mmefurahi?"

Vigelegele! Bi Mluzi alininyanyua juu juu.

"Ila hoteli nimeiomba iniongezee, imekataa. Kwa hiyo kila jozi anabaki mmoja. Wenye migongo mibovu, asanteni kwa kazi."

Vigelegele vikazima kama redio iliyokatiwa umeme.

Mama alivua aproni, akaitundika msumarini, akatoka. Njiani hakunitazama.

"Nimekusomesha," alisema tulipofika nyumbani, "ili uje unisomee hukumu."

Sitawadanganya. Waliobaki, maisha yao yalibadilika. Bi Mluzi alinunua miwani, akaacha kukopa unga dukani. Nilipokutana naye nilifurahi na kuumia kwa wakati mmoja.

Lakini shangazi alikosea! Alidhani mtu mmoja anaweza kukunja shuka peke yake. Mashuka yakaburuzwa sakafuni, hoteli ikayarudisha gari zima, yana alama za kandambili.

Nikakimbilia udobini na matumaini yangu yote.

"Shangazi, warudishe wote sita! Kiwango kipya, ila kila mtu apunguziwe masaa. Gharama haiongezeki!"

"Mimi sina neno. Waulize wenzako."

Nikamgeukia Bi Mluzi. Alikuwa anafuta miwani yake.

"Nipunguziwe masaa? Hapana. Nimeshaonja, siwezi kutema."

"Bi Mluzi! Mama ni kama pacha wako!"

"Pacha wangu ana mtoto msomi. Mimi nina nani?"

Wenzake wawili waliobaki wakarudi kwenye mashuka yao. Hakuna aliyeniunga mkono. Hakuna!

Shangazi akacheka. "Nahitaji mmoja tu, wawe wanne, jozi mbili."

"Basi mrudishe mama!"

"Kwa mshahara huu? Ule wa zamani ndio ulikuwa saizi ya mgongo wa mama yako. Kwa huu napata kijana mwenye nguvu... kama wewe. Vaa aproni ile. Ukikataa, nje wamejaa, na vyeti wanavyo."

Nikaifikiria kodi ya chumba chetu. Nikamfikiria mama, hana kazi.

Nikanyoosha mkono msumarini.

Sasa mnajua nilichoiba.

Nilikuwa ndiyo kwanza naifunga mama alipotokea mlangoni. Alikuwa amesikia habari za mashuka kurudishwa. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kazi... amekuja kuomba nafasi yake! Ndipo akanikaba kola, akaniita mwizi mtaa mzima ukisikia.

"Mama, nafanya hivi kwa ajili yetu..."

"Hata siku ile ulisema hivyo hivyo."

Nilidhani ataondoka na aproni. Wapi! Aliifunga fundo kamba iliyokatika, akanivalisha mwenyewe, akaikaza kiunoni mpaka nikakosa pumzi.

"Kunja," alisema. "Na mwisho wa mwezi usiniletee hotuba. Leta mshahara."

Akaenda zake bila kugeuka.

Ndugu zangu, wale akina mama walistahili mshahara ule. Hilo nitalisema mpaka nizikwe. Lakini nilipigania bei ya kazi, sikuuliza zitabaki kazi ngapi. Na hoteli, ambayo wageni wake wanalala usingizi mnono juu ya jasho letu, hakuna aliyeigusa, hata mimi. Ukitaka kumpigania mtu, muulize kwanza anaogopa nini. Mama aliniambia, nami nikamjibu kwa sheria.

Nilisimama pale alipokuwa anasimama yeye. Ng'ambo ya meza Bi Mluzi alinirushia ncha mbili za shuka bila kunitazama usoni.

"Haya, msomi. Vuta."

Akapiga mluzi. Nikasogea.