Ijumaa ya Jerusha Haiuzwi

Ukumbi wa kuuzia magari wa Wattaya, Maskati, ulifurika wateja alasiri ile, hata harufu ya viti vipya ikazidiwa na udi. Katikati ya msongamano alisimama Bi Rawya, Mwomani mwenye asili ya Unguja, akiegemea mkongojo. Kando yake alikuwa Jerusha, muuguzi wake Mkenya, katika gauni la kitani la rangi ya zabibu.

"Gari hili, mama, kama limeshonwa kwa kipimo chako," alisema Wesley, muuzaji kijana mwenye suti ya kijivu isiyo na kunyanzi.

"Nna mguu mmoja mzima, mwanangu. Limenyanyuka kama kitanda cha bibi harusi. Ntalipandaje?"

Jerusha aliangua kicheko. Wesley akasahau bei na gari.

"Na wewe, dada, nikuonyeshe nini?"

"Nionyeshe kiti. Mama amechoka kusimama."

Bi Rawya hakununua kitu, lakini Wesley alipata nambari ya simu ya Jerusha. Kwa miezi minne alipiga kila jioni, na kila Ijumaa, siku ya mapumziko huko, walikutana katika uwanja wa makanisa, mtaa wa Ruwi. Ibada ya Kiswahili ilipewa saa mbili tu kwa wiki, kisha Wafilipino waliingia kwa ibada yao. Jerusha aliongoza nyimbo, Wesley akapiga gitaa. Wakapendana, na Wesley akamwahidi nyumba aliyokuwa akiijenga kwao Nakuru, Kenya.

Ndipo ikaja simu moja.

"Malkia, nimefanywa mkuu wa mauzo! Nyumba yetu ya Nakuru tutaiezeka mwaka huu."

"Hongera, mpenzi! Unaanza lini?"

"Ijumaa. Kila Ijumaa alfajiri tunapeleka magari ya maonyesho mji wa Qurayyat."

"Kila Ijumaa? Na ibada?"

"Laazizi, hapa tumekuja kutafuta. Kanisa liko Kenya, halihami. Tukirudi tutaabudu mpaka tuchoke."

"Kwani Mungu ulimwacha uwanja wa ndege Nairobi?"

Jerusha akakata simu.

Wako wengi wasemao kama Wesley, nao hurudi kwao na masanduku mazito, wamesahau hata kupiga goti. Yeye aliongeza na kosa la muuzaji: alidhani kila hapana ni mwanzo wa kupatana bei. Alimpelekea Jerusha bangili ya dhahabu, ikarudishwa. Akapeleka mkufu mzito zaidi, ukarudishwa.

"Basi taja unachotaka!" alifoka simuni. "Wasichana wangapi Maskati hii wangelia kwa furaha?"

"Wapelekee, walie. Wesley, hapana yangu si ya sokoni. Ningeolewa nawe katika chumba kimoja, godoro chini. Lakini mume anayemwambia Mungu angoje, simtaki, hata aje amepanda gari la dhahabu!"

Ijumaa ya tatu, Qurayyat, mzee mmoja mwenye asili ya Unguja, aitwaye Mahfoudh, alikuwa ameshika kalamu kutia sahihi mkataba wa gari, adhana ikalia. Akaiweka kalamu mezani.

"Mzee, sahihi moja tu," Wesley alihimiza. "Punguzo hili linaisha sasa hivi."

"Liishe, mwanangu. Nnaitwa."

Akaondoka kwa mwendo wa taratibu, kanzu yake ikimeta juani. Wesley alikuwa na maneno hamsini ya kumrudisha mteja. Hakutamka hata moja. Aliona haya, haya ya mtu aliyeitwa mara tatu naye hakuitika.

Siku ya pili alikirudisha cheo.

"Utabaki muuzaji wa kawaida," meneja alimwonya, "na hutapandishwa tena."

"Nitabaki, bwana."

Ijumaa iliyofuata alipiga gitaa tangu wimbo wa kwanza. Ibada ilipokwisha, Jerusha alimkabili mbele ya waumini wote.

"Umekuja kunirudisha?"

"Sikuja kwako. Cheo nimekiacha. Hata ukinikataa mbele ya watu hawa, Ijumaa ijayo nitakuwa hapa."

Jerusha alifunga kitabu cha nyimbo.

"Na nyumba ya Nakuru?"

"Itakaa bila paa."

"Mvua ikinyesha?"

"Tutalowa."

"Tutalowa? Nani na nani?"

"Mimi na mke wangu, akinikubali."

Wafilipino walikuwa wamekwisha kujaa mlangoni. Jerusha alimshika mkono, akapaza sauti mpaka nje wasikie:

"Mchungaji, usiondoke! Tuandikie tangazo la ndoa. Lisomwe Ijumaa ijayo, na bwana harusi atakuwepo."