Alikata Jina la Baba kwa Makasi

Nina miaka arobaini na sita, nashona sare za shule hapa Bahati, Nakuru, na kuna mwanamke mmoja ambaye sitamsamehe. Nasema hivi mapema ili msomaji anayetafuta hadithi ya upatanisho ageuze ukurasa. Waliobaki, nisikilizeni...

Baba yangu, Mzee Wafula, alitoka Bungoma akiwa kijana akaajiriwa posta ya Nakuru. Kazi yake ilikuwa kupanga barua. Hizi za Njoro, hizi za Molo, hizi za Subukia. Wenzake waliona mzigo tu. Yeye alianza kukusanya stempu, na baadaye bahasha nzima, kila moja ikiwa na stempu yake na muhuri wa posta ilikotoka. Alikuwa nazo za wakati wa mkoloni, zenye picha ya malkia na maneno Kenya, Uganda, Tanganyika. Alikuwa nazo za mwanzo wa uhuru. Posta ndogo za huku Bonde la Ufa zilipoanza kufungwa, Baba alisafiri hadi huko kabla mlango haujafungwa, akajitumia barua mwenyewe, ili muhuri wa mahali pale ubaki kwenye bahasha yenye jina lake.

Alikuwa akituambia, "Stempu bila bahasha ni picha tu. Huwezi kujua ilitoka wapi wala ilikuwa inaenda kwa nani."

Lakini bahasha alizozipenda kuliko zote hazikuwa za zamani sana. Zilitoka Kimilili, wakati mama yangu alikuwa bado msichana kwao na Baba anamchumbia kwa barua. Barua zenyewe Mama alizichoma kwa mkono wake. Alikuwa na haya, hakutaka sisi watoto tusome maneno yake ya usichana. Akamwachia Baba bahasha. Mama alipofariki, mwandiko wake ukabaki pale tu... jina la mumewe na sanduku la posta la Nakuru, basi.

Kisha kisukari kikachukua macho ya Baba. Nikamleta kwangu Bahati. Kila alasiri alikaa mlangoni na albamu mapajani, anapapasa bahasha moja moja, ananiambia hii ni ya Elburgon, hii ni ya Gilgil. Hakosei. Akifika kwa zile za Mama, anakaa tu na kidole juu ya mwandiko.

Sasa Beatrice. Nilimjua Nakuru mjini, kwenye dirisha la posta, sote tukiulizia stempu mpya, mimi za Baba. Alikuwa akifanya kazi ya ofisi kwenye shamba la maua huko Naivasha. Yeye alikusanya stempu zenye ndege. Tukawa marafiki wa miaka mingi. Alikula ugali wangu. Alinishika mkono siku tulipomzika Mama. Baba mwenyewe ndiye aliyemfundisha kusoma muhuri. Je, mtu kama huyo unamwekea ulinzi gani?

Siku moja alikuja na habari kwamba kutakuwa na maonyesho makubwa ya stempu Nairobi. Akasema historia ya posta za huku kwetu haijawahi kuonyeshwa, na anayo nafasi ya kuipeleka.

"Baba, jina lako litaandikwa juu kabisa," alimwambia. "Watu waone kazi yako ukiwa hai."

Beatrice alipoenda, Baba akaniambia, "Huyu mama anauliza hali ya bahasha kuliko anavyouliza hali yangu."

Lakini nilijua alivyotamani watu wauone mkusanyo wake. Alifikiria kwa wiki kadhaa, mwishowe akakubali. Akazipanga bahasha mwenyewe, na za Kimilili pia, kwa sababu alitaka Mama aonekane. Nikampa Beatrice albamu zote kwa mikono yangu.

Kisha simu zake zikapungua. Nikiuliza, maonyesho yameahirishwa. Nikiuliza tena, yuko kwa mkutano. Nami nikaendelea kushona...

Mteja mmoja, mwalimu, alikuja kuchukua sweta za wanafunzi. Alikuwa akiangalia simu, akanionyesha picha. "Si huyu ni rafiki yako? Kumbe ni mtu mkubwa hivi?" Nilimwona Beatrice amesimama mbele ya fremu za kioo, amevaa suti, anatabasamu. Juu yake kulikuwa na maandishi makubwa yaliyosema ni mkusanyo wa familia yake.

Kesho yake nilikuwa Nairobi.

Niliingia kwenye ukumbi wa maonyesho nikamkuta Beatrice anazungumza na wageni. Anasema babu yake alikuwa karani wa posta. Anasema yeye alirithi. Hadithi ya Baba, neno kwa neno, hadi zile safari za kwenda posta zinazofungwa... amebadilisha jina tu.

Nikasogea kwenye kioo.

Hakukuwa na bahasha hata moja. Kulikuwa na vipande vidogo vya mraba, stempu na muhuri, vimekatwa vizuri kwa makasi na kupangwa kwenye karatasi nyeusi. Sehemu yenye anwani haikuwepo. Jina la Wafula lilikuwa kwenye karibu kila bahasha, na asingeweza kulificha. Kwa hivyo alilikata.

Mzee mmoja, mkusanyaji wa stempu, alikuwa akimuuliza, "Lakini madam, kwa nini zimekatwa? Zingekuwa nzima zingekuwa hazina."

Beatrice akajibu bila kupepesa macho. "Mchwa walikuwa wamezila. Niliokoa nilichoweza."

"Mchwa ni wewe," nikasema.

Watu wakageuka. Nikawaambia hizo ni bahasha za baba yangu, ni kipofu, yuko Bahati, anangoja kusikia zilivyopokewa. Beatrice aliniangalia kama mtu anayeangalia kitu kilichomwagika. Akamwita askari wa mlangoni.

"Boss, saidia huyu mama atoke. Alikuwa akinishonea nguo. Hayuko sawa kichwani."

Nilitolewa nje nikishikwa bega. Rafiki yangu wa miaka yote hiyo... Hakuniangalia tena.

Polisi nao? Nilipiga ripoti. Yule wa kaunta alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mathe, unataka tushike mtu juu ya stempu zilizotumika?" Wenzake wakacheka.

Walionisikiliza ni wakusanyaji wenzake wa pale maonyesho. Yule mzee wa maswali alinifuata nje siku ile akachukua nambari yangu. Nikawatumia picha za zamani, Baba na albamu zake sebuleni, bahasha zikiwa nzima. Fremu zikateremshwa. Baadaye mtu wa boda akaleta katoni dukani kwangu. Ndani kulikuwa na vile vipande. Nikampigia Beatrice nikamuuliza ziko wapi sehemu zilizobaki, hata kama zimekatwa, nitaziunganisha.

"Nilizichoma," akasema. "Zilikuwa takataka. Nekesa, wacha drama. Stempu zenu si nimerudisha?"

Sikujua jinsi ya kumwambia Baba. Sikuhitaji. Alisikia katoni ikiwekwa mezani, akaomba za Kimilili. Nilimwekea kiganjani. Alipapasa kipande cha kwanza, akatafuta upande wa kushoto, akatafuta upande wa chini. Akauliza, "Sehemu nyingine iko wapi?" Nikalia, naye akajua. Tangu siku hiyo hakukaa tena mlangoni. Alilala akitazama ukuta asioweza kuuona, na chakula nikakirudisha jikoni kama kilivyokuja.

Halafu, sikieni haya. Beatrice alikuja. Alikuja na akina mama wawili wa kanisa na keki. Wakaomba, wakaimba, wakanikumbusha sala ya Baba Yetu. Kisha ukweli ukatoka: wakusanyaji walikuwa wamemfungia nje ya maonyesho yao, na hawangemrudisha bila barua ya familia yetu kusema mambo yamekwisha. Alikuwa ameshaichapa. Ilibaki sahihi.

Nilifungua mdomo nimfukuze. Baba akaita kutoka chumbani, akatoka akishika ukuta, akaketi.

"Beatrice," akasema polepole. "Mimi macho yangu yaliisha. Wewe ulizishika zote kabla ya kuzichoma. Mke wangu aliandika jina langu. Hebu niambie, ile herufi ya kwanza ya Wafula, aliiandikaje? Ilikuwa na mkia?"

Beatrice aliikunja barua yake, akaikunjua tena.

"Nimesahau, na wewe ndiye wa mwisho kuiona. Niambie tu, halafu nitaweka kidole gumba kwa barua yako."

Beatrice aliangalia akina mama wale. Aliangalia keki. "Mzee, sikuangalia," akasema.

"Basi nenda," Baba akamjibu.

Wakaenda. Baba ameanza kula kidogo kidogo, lakini albamu haiulizi. Akina mama wa kanisa wananiambia nina moyo mgumu. Ndiyo, ninao. Nani aliufanya hivyo?

Ndugu msomaji, kama una mzazi aliyehifadhi kitu, hata kama ni karatasi kuukuu, usikubali kitoke nyumbani kwa sababu mtu alilia nawe matangani. Anayetaka kukiona na aje akae kwenu, akione mzazi akiwa pale. Na mzazi akikwambia haoni vizuri moyo wa mtu fulani, tafadhali, usimjibu kwamba unamjua rafiki yako. Mimi nilimjibu Baba hivyo. Mimi ndiye niliyebeba albamu zile hadi kwenye gari la Beatrice, nikamfungia mlango, nikampungia mkono.